Uhamisho Wangu, Kikao Chetu

Kizazi changu cha watumishi wa umma kilikua kikisikia kwamba makao makuu ya nchi ni Dodoma, kisha kikaajiriwa, kikaoana, kikajenga na kuzaa Dar es Salaam. Uamuzi wa kuhamisha makao makuu ulifanywa mwaka 1973, mimi sijazaliwa. Bunge lilikuwa kule, nasi wa wizarani tulilifuata kila msimu wa bajeti, Aprili hadi Juni. Tulilala nyumba za wageni, tukakesha na randama za bajeti na majibu ya maswali ya wabunge, bajeti ikipita tunarudi pwani. Kwa hiyo Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kabla muhula wake haujaisha mwaka 2020, wengi ofisini kwetu waliyapokea maneno hayo kwa mazoea. Septemba mwaka huohuo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia. Mwanzoni mwa 2017 barua yangu ya uhamisho ikawa mezani.

Nilikuwa mchumi, na nilitaka kupanda. Nalisema hili waziwazi, kwa sababu wanawake wengi tumefundishwa kulisema kwa kuzungukazunguka, kana kwamba cheo kilitukuta njiani tukielekea sokoni. Niliipenda kazi ya mipango na bajeti, niliiweza, na nilijua kwamba watakaotangulia Dodoma ndio watakaoonekana wizara itakapoanza kujipanga upya. Upande wa pili nilikuwa na mume, fundi wa mitambo bandarini, na bahari haihamishwi kwa barua. Tulikuwa na binti wa darasa la tatu na mvulana ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu. Tuliishi Tabata, katika nyumba tuliyoijenga kwa mikopo na subira, bila uzio.

Leo vijana wanaoanza kazi, wasichana hasa, huniuliza: "Dada, uliwezaje kupanda cheo na nyumba ikasimama?" Swali hilo linadhani kwamba yupo mtu mmoja aliyeweza. Ninavyoijua mimi habari hii ina watu watano, na kila mmoja alilipa chake. Nilichojifunza kwa miaka hii ni kwamba azma ya mtu mmoja kazini hugharamiwa na wengi, na wanaoigharamia wana haki ya kuwapo pale inapoamuliwa.

Wazo la kikao lilikuwa la mume wangu. Kwao, jambo lenye gharama halimalizwi na watu wawili chumbani. Iwe posa, iwe msiba, iwe kuuza kiwanja, watu huitwa wakakaa. Aliisoma barua akaikunja, akasema: "Mama watoto, hapa wameandika jina lako tu, lakini tunaohamishwa ni wote. Mwite Bibi aje." Mama yangu akapanda basi kutoka Same. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, tukakaa sebuleni: mimi, mume wangu, Mama, binti yetu, na dada aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani. Wifi yangu aliyepita kutusalimu alishangaa kumkuta dada ameketi kwenye kochi kama mjumbe. Binti, aliyekuwa ndiyo kwanza anajivunia mwandiko wake, akapewa daftari awe katibu.

Jambo la kwanza lilikuwa nani aende. Tungeweza kuwachukua watoto wote wawili. Lakini Dodoma ya mwaka ule ilikuwa inapokea watumishi kwa mkupuo, kodi za nyumba zikipanda Area C, Area D, Kisasa na kwingineko, na baadhi ya wizara zilikuwa zimepewa ofisi za muda katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Mimi mwenyewe nilikuwa nikitafuta chumba kimoja. Dar es Salaam kulikuwa na nyumba yetu, shule iliyo karibu na baba anayerudi nyumbani kila siku. Tukaamua watoto wabaki na baba yao kwanza, na uamuzi upitiwe tena kila mwisho wa mwaka.

Uamuzi huo ulizaa swali nililoulizwa Dodoma na karibu kila niliyekutana naye, kwenye kikao cha idara, kwenye foleni ya benki, hata kwenye gari la abiria: "Na watoto umemwachia nani?" Nilijibu: "Nimewaacha na baba yao." Wengi walinitazama kwa huruma, kana kwamba nimesema nimewaacha na jirani. Tulihamia pamoja na wanaume wengi, kila mmoja na watoto wake Dar, na sikusikia hata mmoja wao akiulizwa.

Zamu ya Mama kusema ilipofika, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, kuja nitakuja. Wajukuu ni wangu. Lakini tangawizi yangu iko ardhini."

Mama ni mkulima wa tangawizi katika milima ya Upare, upande wa Mamba Miamba. Tangawizi hukaa ardhini miezi minane hadi kumi, na muda wote huo inataka mtu: kupalilia, kuinulia udongo mashina, na kulinda zamu ya maji. Kule maji ya mashamba hukusanywa katika ndiva, mabwawa ya jadi ya Wapare, yakafunguliwa kwa zamu. Asiyekuwapo zamu yake inapofika, maji humpita kwenda kwa mwenzake. Shamba lile lilinisomesha. Sasa nilikuwa naomba lisimame ili mimi nipande cheo.

Mkono mmoja haulei mwana, tunasema, na husemwa zaidi tunapoomba msaada. Mara chache tunauliza mkono wa pili uliacha nini ulipokuja kulea. Katika kazi yangu nimeandika taarifa nyingi za uchumi, na ndani yake kuna jambo ambalo kila mchumi analijua: mkulima anayelima chakula cha kula mwenyewe nyumbani huingizwa kwenye hesabu za Pato la Taifa, lakini anayelea mtoto, kupika, kufua na kuuguza nyumbani bila malipo haingizwi. Mama alipokuwa Mamba Miamba akipalilia, alikuwa ndani ya uchumi wa Tanzania. Alipofika Tabata akambeba mjukuu mgongoni kutwa nzima, alitoweka kwenye vitabu. Nilikuwa nalijua hilo darasani. Siku ile lilikuwa limekaa mbele yangu, limevaa khanga, linasubiri jibu.

Jibu tuliliandika kwenye daftari. Tungemlipa kijana wa kijijini kusimamia palizi na zamu ya maji. Mama angekuja baada ya palizi kubwa na kurudi wakati wa kuvuna, na miezi ambayo hayupo mimi na mume wangu tungepanga likizo zetu zipishane. Nauli na mshahara wa kijana vingetoka kwenye posho yangu ya uhamisho, na ikiisha, kwenye mshahara wangu. Mama alitabasamu tulipoandika kiasi. Alisema ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza kulea kunamgharimu nini.

Kisha dada akaombwa aseme. Alikuwa binti wa Singida, msikivu, na alikuwa ametunza siri: alitaka kujifunza kushona. Alikuwa ameulizia masomo ya jioni ya ufundi, akaogopa kutuambia. Nilifikiri sana juu ya ombi lile. Wanawake wengi wenye vyeo ninaowajua wamepanda juu ya mabega ya msichana wa miaka ishirini ambaye ndoto yake imesimamishwa kwa muda usiotajwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachi nje mfanyakazi wa nyumbani. Naye ni mwajiriwa, ana haki ya maandishi, ya saa za kazi, ya likizo. Tulimwandikia mkataba, tukamsajili NSSF, na tukakubaliana kwamba siku za darasa lake mume wangu atakuwa nyumbani kabla ya saa kumi na moja jioni.

Hapo ndipo gharama ya mume wangu ilipoanza kuonekana, na nataka ielezwe, kwa sababu gharama za waume wa aina yake hazisemwi. Bandarini watu hufanya kazi kwa zamu. Zamu ya usiku ina malipo ya ziada, na anayeishika bila kulalamika ndiye anayekumbukwa nafasi ya usimamizi inapotokea. Mume wangu aliomba kubaki mchana. Malipo ya ziada yakapotea, na nafasi ya kiongozi wa zamu aliyokuwa akiitazamia ikaenda kwa mwenzake. Kijiweni wakasema amekaliwa. Yeye alinyoa ndevu zake asubuhi, akamwogesha mtoto, akampeleka kliniki kupimwa uzito, akakaa kwenye benchi akiwa mwanamume peke yake katikati ya akina mama. Wauguzi walimsifu sana. Aliporudi aliniambia kwenye simu kwamba sifa alizopewa asubuhi moja, Bibi hakuwahi kupewa tangu azae.

Binti yetu, katibu wa kikao, alisubiri hadi mwisho akasema naye ana ajenda. "Mama, nataka simu ya saa moja na nusu usiku. Na bosi wako asiikate." Tukaiandika. Ajenda ya mtoto wa darasa la tatu ikawa ndiyo nguzo ya miaka yetu yote. Saa moja na nusu, nikiwa chumbani kwangu Area D au kwenye korido ya ofisi, nilipiga. Tulisoma hesabu za kugawanya kwa video ya WhatsApp, nikiona nusu ya daftari na nusu ya dole gumba. Wakubwa wangu walizoea. Mtu akiniita muda ule nilisema niko kwenye kikao, na ilikuwa kweli.

Ambaye hajasafiri Dodoma na Dar kila mara kwa basi katika miaka ile atadhani mwisho wa wiki ulitosha. Ni takriban kilomita 450. Mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 2023. Kwa hiyo ukitoka kazini Ijumaa jioni umeshachelewa. Unapanda basi Jumamosi alfajiri, unapita Kibaigwa penye magunia ya mahindi, Gairo, Dumila, Morogoro, mnasimama watu wanachimba dawa na kununua mayai ya kuchemsha, Chalinze, kisha foleni ya kuingia jijini, na unafika nyumbani alasiri miguu imevimba. Jumapili asubuhi unageuza. Ukienda hivyo kila wiki unawapelekea watoto mama aliyelala kwenye kochi. Tulikubaliana nije mara chache zaidi lakini nikae: Ijumaa moja ya mwezi niombe ruhusa, nisafiri Alhamisi kwa basi la mchana, nipate siku mbili kamili. Mume wangu ndiye aliyelisema: "Usije kutuonyesha kwamba unakuja. Njoo ukae."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tatu mwaka 1995, Mtanzania mwenzetu Getrude Mongella alipokuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing. Shuleni tulishangilia. Mitaani jina la mji ule likawa neno la kumnyamazishia mwanamke anayedai chake. Kizazi kile cha akina mama kilitufungulia milango ya vyuo na ofisi, nami ni mmoja wa waliopita. Lakini tulipopita, mpangilio wa jikoni tuliuacha kama ulivyokuwa. Msichana aliambiwa asome sana na afanye kazi kwa bidii. Mvulana hakuambiwa ajifunze kulea. Matokeo yake ni kwamba mwanamke anayefanya kazi mbili huitwa shujaa, na akishaitwa shujaa hakuna anayeshughulika kumpunguzia mzigo. Mimi nimeombwa mara nyingi niende kwenye makongamano ya wasichana nikasimulie ushujaa. Nakwenda, nikifika nawasimulia habari za tangawizi.

Aprili 2019 Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma, ulizinduliwa, na watumishi tukaanza kuhamia kwenye ofisi zilizojengwa kwenye vumbi jekundu na upepo usiochoka. Mwaka huo niliitwa na mkuu wangu akaniambia kuna nafasi ya mkurugenzi msaidizi, nami nitaikaimu. Mtu akipewa nafasi, desturi yetu ni kushukuru na kutoka. Nilishukuru, kisha nikaomba siku chache. Kikao kikakaa kwa simu, Mama akiwa Same, wengine Tabata. Tukakubaliana niikubali, na kwamba niombe mambo matatu kabla ya kukubali, maana baadaye yataonekana utovu wa shukrani.

Niliomba, nje ya msimu wa bajeti, vikao vya idara visianze baada ya saa tisa alasiri. Niliomba ile Ijumaa yangu ya mwezi itambuliwe kwenye ratiba, isiwe fadhila ya kuombwa upya. Niliomba nisipangiwe safari za mikoani wakati wa mitihani ya watoto. Mkuu alikubali mawili ya kwanza. La tatu alilikataa, akaeleza kwamba ukaguzi wa miradi haufuati ratiba ya shule, na alikuwa na hoja. Nilirudi kwetu na majibu hayo, mume wangu akasema atasimama katika mitihani.

Kilichofuata kilinifundisha zaidi kuliko cheo chenyewe. Vikao vilipoanza kumalizika mapema, walionishukuru walikuwa wanaume. Mmoja alikuwa na mke Mwanza na mtoto mchanga aliyemjua kwa picha. Alikuja ofisini kwangu akiwa amesimama wima kama mwanafunzi, akauliza kama naye anaweza kuwa na Ijumaa yake. Nilimwambia aandike dokezo. Kumbe haja ilikuwa ya watu wengi, ilikuwa tu haijapata wa kuitamka bila kuonekana hana ari ya kazi.

Sheria yetu yenyewe inasema nani inamdhani ndiye mlezi. Mama anayejifungua hupata siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupata siku 3. Jirani zetu Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, humpa baba wiki mbili. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mama apate wiki 14 zisizopungua, yaani siku 98. Sheria yetu inampa pia mama anayenyonyesha hadi saa mbili ndani ya muda wa kazi. Ni haki njema, lakini mwulize mama anayefanya kazi Mtumba na mtoto wake yuko Nkuhungu, au anayefanya kazi Posta na mtoto yuko Mbagala, saa hizo mbili zinamtosha kufika wapi. Penye haki ya kunyonyesha pawe na chumba cha kunyonyeshea na mahali pa kumlaza mtoto. Na siku 3 za baba humfundisha tangu mwanzo kwamba yeye ni mgeni katika malezi ya mwanawe. Nimekaa kwenye meza za bajeti muda wa kutosha kujua kwamba kinachopewa fedha ni kile kilichoombewa fedha. Haya yaombewe.

Dada alihitimu ushonaji, akatuaga, akarudi Singida na cherehani yake. Tulimsindikiza kwa furaha ya kweli, kisha nyumba ikayumba kwa miezi. Mume wangu alichelewa kazini, mvulana akashinda kwa jirani baada ya shule ya awali, sare zikavaliwa zimekunjamana. Kuyumba kule kulikuwa kipimo sahihi cha alichokuwa amekibeba. Sasa ana duka dogo na wanafunzi wake wawili, na sare za shule za mwanangu zilishonwa na mkono wake hadi alipomaliza darasa la pili.

Mwaka 2021 ikaja nafasi niliyokuwa nikiiota tangu chuoni: ufadhili wa shahada ya uzamili nje ya nchi, miaka miwili. Nilikuwa na sifa zote, na umri wa kuomba tena ulikuwa unaniacha. Niliitisha kikao nikiwa na furaha, nimeshaandaa hoja kama ninayewasilisha andiko kwa Katibu Mkuu.

Wakasema hapana.

Mama alisema magoti yake hayamruhusu tena kupanda na kushuka Same na Dar. Binti alikuwa anamaliza darasa la saba na angeanza kidato cha kwanza shule ya bweni Januari. Alisema anaweza kuvumilia bweni, lakini si bweni na mama aliye ng'ambo kwa wakati mmoja. Mume wangu alizungumza mwisho. Alisema: "Nimechoka. Sijakataa uende maisha yote. Miaka hii miwili sitaiweza."

Iliniuma, na sitasema maumivu yale yaliisha upesi. Mwenzangu aliyekwenda alirudi na shahada, na leo ana cheo kilicho juu ya changu. Mimi nilisoma uzamili hapahapa nchini nikiwa kazini, nikimaliza kurasa usiku baada ya ile simu ya saa moja na nusu. Wapo marafiki walioniambia kwamba familia ilinirudisha nyuma. Nimelifikiria jambo hilo kwa uzito, na nimefika hapa: kama watu wana haki ya kuulizwa, basi wana haki ya kukataa. Kikao ambacho lazima kiseme ndiyo ni hafla ya kutangaziwa. Miaka minne walikuwa wamesema ndiyo, na kila ndiyo ilikuwa na jasho lake. Hapana yao ilitoka mahali palepale. Na kwa sababu niliisikia ikisemwa mbele yangu, na sababu zake, sikulazimika kuishi na manung'uniko yanayopitia kwenye vyombo kubamizwa na salamu fupi, kama ninavyoona katika nyumba nyingi ambako mmoja aliamua na wengine wakatii.

Zamu iligeuka mwaka 2024. Mume wangu alipata nafasi ya mafunzo ya usimamizi wa mitambo Tanga, miezi sita, nafasi ya namna ileile aliyoiacha impite miaka ya nyuma. Safari hii aliyeleta barua mezani alikuwa yeye, na niliyeulizwa "utabeba nini?" nilikuwa mimi. Mvulana, darasa la nne, akahamia kwangu Dodoma. Niliacha kusimamia kikosi cha kuandaa hotuba ya bajeti mwaka ule, nikabaki na sehemu yangu ya uchambuzi, nikawa natoka Mtumba saa tisa na nusu. Kulikuwa na jioni nilizotamani kuwa kwenye chumba kile cha kukesha na wenzangu. Mwanangu alijifunza kula mlenda na ugali wa uwele, akaota meno mapya mawili mbele ya macho yangu, na akaniuliza maswali ambayo mtoto haulizi kwenye simu. Julai ya mwaka huo treni ya umeme ikaanza kufika Dodoma, na safari iliyokuwa ikitula siku nzima ikawa ya chini ya saa nne. Nilifurahi kwa ajili ya wote wanaokuja nyuma yetu. Ila reli hufupisha njia tu. Nani atoke mapema, nani amsindikize Bibi hospitali, nani aache zamu ya usiku, hayo bado yanahitaji watu kukaa.

Kwa hiyo kijana anayeniuliza niliwezaje, namwambia afanye haya. Kabla hujakubali nafasi, andika majina ya wote ambao siku zao zitabadilika ukikubali, na uwaite. Usimwite mume au mke peke yake. Mwite anayepika, mwite bibi, mwite mtoto aliyefika umri wa kusema. Kila mmoja ataje anachoacha, kiandikwe, na kinacholipika kilipwe kwa fedha, kwa sababu shukrani pekee hailimi shamba la mtu. Wekeni tarehe ya kupitia upya, maana walichokiweza watu mwaka huu huenda wasikiweze mwakani. Omba ofisini unachokihitaji kabla ya kushika nafasi, ukijua kwamba unawaombea pia walionyamaza. Na zamu igeuke. Nyumba ambayo anayepanda ni yuleyule kila mara, na wanaomshikia ni walewale, haina mizani hata ikisifiwa na mtaa mzima.

Nami bado nataka kupanda. Sijaona sababu ya kuificha azma hiyo wala kuiombea radhi. Nchi inahitaji watu wanaotaka kuifanya kazi yao vizuri na kukabidhiwa kubwa zaidi. Nafasi nyingine ikija, nitaipeleka nyumbani kwanza, nikiwa tayari kwa jibu lolote. Binti yetu sasa ni mkubwa wa kutosha kuongoza kikao, na ameshatangaza kwamba safari ijayo ajenda ya kwanza ni ya kwake.